Mawe Matatu ya Kampuni

Mpaka naota ndevu zangu tatu za kwanza, sikuwahi kumwona mtu akichagua jiko. Jiko lilikuwa linakukuta nyumbani kama mjomba mlevi: hulichagui, unalizoea. Miaka ile ya foleni na vibali, ukisikia duka limeleta majiko unakimbia, ukifika unachukua lililobaki hata kama lina mguu mmoja mfupi, na unasema ahsante. Halafu ikaja ruksa. Kila kitu ruksa. Maduka ya Arusha yakajaa vitu mpaka barazani, na sisi tukabaki tumesimama mbele ya vioo tumeachama midomo. Shuleni walitufundisha kilimo bora, kuchimba vyoo na kuwaimbia wageni. Kuchagua hawakutufundisha. Mwalimu mwenyewe alikuwa hana cha kuchagua.

Mimi kwetu Daraja Mbili, elimu yangu darasa la saba, na kazi yangu wakati huo ilikuwa upagazi kwenye kampuni ndogo ya kupandisha watalii Mlima Meru. Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kule Themi, gari moja kuukuu, na bosi. Bosi alikuwa Mchaga, Mlutheri wa benchi la mbele, aliyewahi kuwa mtunza stoo kwenye shirika la umma mpaka siku shirika lilipomshukuru kwa utumishi wake na kumwomba arudishe funguo. Funguo alirudisha. Tabia hakurudisha. Kila kitu cha kampuni alikipaka namba kwa rangi nyeupe. Kiti namba moja, kiti namba mbili, ndoo namba moja. Ufagio tulikuwa nao mmoja tu, lakini nao una namba, asije akatokea mwenzake akaleta utata.

Kwenye upagazi, mimi zamu yangu ilikuwa gunia la mkaa. Sijui nilimkosea nani. Wenzangu wanabeba mahema, wanabeba mabegi ya wageni yanayonukia sabuni, mimi nabeba mkaa. Nikishuka mlimani hata mama yangu mzazi ananiuliza, "Wewe ni wa nani?" Na mbele yangu, njia nzima, anatembea mpishi. Mpishi wetu alikuwa anapanda mlima na mwiko tu mkononi, anapungia nyani. Nikasema moyoni: Bwana, mimi sikuombi utajiri. Nipe mwiko.

Bwana akasikia haraka kuliko nilivyotegemea. Wiki ile ile mambo mawili yalitokea. Kwanza, kampuni kubwa yenye magari mapya ilimchukua mpishi wetu na mwiko wake. Pili, pale getini Momela, tunapoanzia kupanda, likabandikwa tangazo kwamba kuni na mkaa ni marufuku mlimani. Bosi akatukusanya uani. Alikuwa amevaa tai, maana habari mbaya alikuwa hazitoi bila tai.

"Nahitaji jiko la kisasa, na nahitaji mpishi," alisema. "Nani kati yenu anayajua majiko?"

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Wewe dogo unajua nini?"

"Bosi, mimi nimekulia kwa fundi majiko. Jiko likikohoa tu nakwambia ugonjwa wake."

Ukweli ni kwamba nyumba yetu ilitazamana na ya fundi majiko, na alikuwa akinifukuza kila siku nisimwibie waya wa kutengenezea magari ya kuchezea. Lakini kutazamana nako ni kukua, siyo?

Bosi akanyoosha tai yake. "Sawa. Nichagulie jiko kati ya yaliyoko stoo. Safari moja ya majaribio, wageni wawili wanakuja wiki ijayo. Likifanya kazi, mwiko ni wako. Likiniaibisha, usirudi hata kwenye mkaa, maana mkaa haupo tena."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimejiombea ugali kwa kuweka rehani uji.

Majiko tulikuwa nayo matatu. La kwanza ni la Kichina la mafuta ya taa, la tambi kumi, pana kama sinia, zito, rangi ya kijani cha jeshi. Bosi alilinunua dukani kwa sababu lilikuwa na karatasi ya maelezo, na alikuwa anaheshimu kitu chenye karatasi, hata kama ni ya Kichina. La pili ni la gesi ya kopo, kadogo ka kutia mfukoni, lilisahauliwa na mgeni mmoja. Tatizo lake, kopo likiisha Arusha nzima halipo, kwa hiyo jiko linageuka pambo la kabati. La tatu nalo liliachwa na mgeni, Mmarekani: chupa ya mafuta upande huu, mrija, halafu kichwa cha jiko kimesimama kwenye miguu mitatu myembamba kama ya korongo. Hilo ndilo nililipenda. Lilikuwa linafanana na kitu cha kwenda mwezini.

Lakini linatumia mafuta gani? Kijitabu chake kilikuwepo. Kiingereza changu ni kile cha "kalamu iko juu ya meza," na kwenye kijitabu hakukuwa na kalamu wala meza. Nikasoma kwa kidole mpaka nikakuta maneno mawili ninayoyajua: "waiti" na "gesi." Gesi nyeupe! Nikaingia mjini kifua mbele.

Wa kwanza alikuwa muuza mitungi ya gesi.

"Kaka, una gesi nyeupe?"

Akaangalia mitungi yake. "Ninayo ya mtungi wa kijani na ya mtungi wa kijivu. Ndani sijawahi kuchungulia."

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka akadhani nataka rangi, akaniuliza ya kung'aa au ya kufifia. Nikaenda duka la dawa, nikapewa spiriti ya kusafishia vidonda, na nikaulizwa kidonda kiko wapi. Mwisho nikafika kituo cha mafuta, nikamuuliza kijana wa pampu. Akaita wenzake. "Jamani, njooni mumsikie huyu. Rudia, kaka." Nikarudia. Wakacheka wakashikana mabega.

Dereva mmoja wa watalii aliyekuwa anajaza tangi ndiye aliyenionea huruma. "Dogo, Wamarekani petroli wanaiita gesi. Hapo wanataka petroli safi tu."

"Na gesi yenyewe wanaiitaje?"

"Gesi."

"Sasa wanajuaje ipi ni ipi?"

"Wana hela. Wanaponunua hawaulizi."

Nikarudi Themi na petroli kwenye chupa ya soda, nimeishikilia mbali na mwili kama nimebeba nyoka. Bosi alikuwa tayari amechora jedwali. Alisema tutashindanisha kwa vigezo. Kigezo kilikuwa kimoja: jiko lipi litachemsha lita ya maji mapema. Akavua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya kiti namba mbili.

Jiko la tambi liliwashwa kwanza. Likatoa moshi, likatoa harufu, likafikiria. Bosi alisoma gazeti, akalikunja, akalisoma tena upande wa matangazo ya vifo. Maji yalipotikisika kidogo tukapiga makofi kwa huruma. La gesi lilikwenda vizuri, kimya, lakini kila mtu alikuwa analiangalia kopo kwa wasiwasi kama mgonjwa anayeaga dunia. La petroli nililipiga pampu, nikalichokonoa kwa sindano, nikaliwasha. Likanguruma mpaka mbwa wa jirani akakimbia. Bosi alikuwa bado anatafuta kalamu na maji yakawa yanaruka.

"Mshindi!" akasema bosi.

Sasa pale uani alikuwa anakuja mama mmoja, mama ntilie, anatuuzia chakula mchana. Yeye jiko lake la mkaa na sufuria yenye masizi, ulimi wake ndiyo moto. Alikuwa amesimama muda wote kajishika kiuno.

"Mwanangu," akaniambia, "mbona mmechemsha maji matatu na hamna hata mzazi aliyejifungua ndani? Mnataka kuoga?"

"Mama, huu ni mtihani wa kitaalamu."

"Haya mtaalamu. Na hapo juu ya miguu ya korongo, nani atasonga?"

Bosi akakohoa. "Mama, tafadhali, hii ni kamati." Kamati yenyewe ilikuwa yeye na saa. Mama akajitwika beseni lake akaondoka anacheka, na mimi nikacheka naye. Nilijiona nimeshapata mwiko, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinachekesha.

Siku ya safari tuliondoka Momela saa nne asubuhi. Wageni walikuwa mume na mke, wapole, wamevaa kofia zinazofanana. Mbele askari wa hifadhi na bunduki yake kwa ajili ya nyati. Nyuma wapagazi sita, mnyapara wao akiwa Mmeru wa kijiji cha chini ya hifadhi, mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala, mlaji wa kuheshimika. Na mimi katikati, mikono mitupu ila mwiko. Nilipungia nyani wote. Hata wasionitazama.

Saa kumi jioni tukafika Miriakamba, kwenye vibanda vya kwanza. Nikafunga mrija, nikapiga pampu, nikawasha. Jiko likanguruma, wageni wakasogea, yule mgeni wa kike akasema kitu ambacho nilielewa ni sifa. Supu ikaiva. Tambi zikaiva. Wageni wakala, wakanishika mkono. Nikaona kazi imekwisha, nimebaki kuvaa tai.

Ndipo mnyapara akaja, akachuchumaa. "Ero, kijana, wageni wameshiba. Sisi tunakula nini?"

"Ugali na maharage, kaka. Dakika tu."

Nikabandika sufuria kubwa ya wapagazi. Maji yakachemka vizuri kabisa. Nikamwaga unga, nikashika mwiko, nikakita. Jiko likainama upande wa kulia. Nikalirudisha. Nikakita tena, likainama kushoto. Ugali wa watu nane siyo uji wa mtoto. Unausonga kwa bega, kwa mgongo, kwa hasira za wiki nzima. Mara ya tatu miguu ya korongo ikapiga magoti, na sufuria yote ikalala kwenye majani kama ng'ombe aliyechoka.

Kunguru wawili wakashuka karibu.

"Umemwaga," akasema mnyapara.

"Nimeona."

"Sikwambii kwa ubaya. Nakuhesabia. Unga wa mara moja tena kwa leo upo?"

"Upo."

"Basi leo uko na mara moja tena."

Nikampa wazo kwamba leo wale tambi kama wageni. Akanitazama kama nimemtukana ukoo. "Tambi? Kwetu tambi ni za jiko. Ero, sikiliza. Hatugombani na wewe. Lakini mtu asiyekula ugali hapandi kesho. Wageni watabeba mabegi yao, na wewe utawaimbia."

Hapo mwiko niliuona unaota mabawa. Nikamwambia mmoja ashikilie sufuria, ikamuunguza. Nikafikiria kuitua chini niusonge ardhini. Mnyapara akasema ugali uliosongwa bila moto ni unga uliotishwa. Nikakaa juu ya jiwe, nimeshika kichwa. Sauti ya yule mama wa Themi ikawa inanicheka masikioni: nani atasonga hapo?

Halafu nikaangalia nilichokalia.

Niliokota mawe matatu. Kuyapata ya kimo kimoja ilichukua muda, wapagazi wenyewe wakaingia msituni kutafuta, na yule mgeni mwanamume naye akaleta moja dogo kama yai, tukamshukuru. Nikayapanga mafiga, nikaliweka jiko la Marekani katikati, chupa ya petroli nje kwenye baridi, mrija unapita kati ya mawe. Sufuria ikakaa juu ya mawe, siyo juu ya jiko. Nikawasha. Nikamwaga unga. Nikakita kwa nguvu zangu zote na mlima haukutikisika.

Niko katikati ya kusonga, jasho linatiririka, nikasikia buti. Askari wa hifadhi ameona mafiga matatu na sufuria nyeusi juu.

"Zima! Kuni marufuku!"

"Shikamoo afande. Hakuna kuni."

"Mafiga haya ya nini kama hakuna kuni?" Akapiga magoti, akachungulia chini ya sufuria kwa jicho moja, bunduki mgongoni. Akakuta moto wa bluu unanguruma. Akachungulia upande wa pili, labda kuni zimejificha. "Unapikia nini?"

"Petroli, afande."

"Na mawe?"

"Mawe ni ya ugali."

Akasimama. Nilimwona anatafuta kichwani kifungu kinachokataza mawe. Mlima wenyewe ni mawe. Hakukipata. "Nitaandika kwamba nimeona mafiga," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayejiwekea akiba, "lakini kwanza nipe nionje kama umeiva." Alionja mara tatu. Kesho yake wapagazi walipanda mpaka kibanda cha juu wanaimba, wageni wakafika kileleni, wakashuka wote na miguu yao.

Sasa askari ni mtu wa neno lake. Alifika geti kabla yetu, akaandika alichoona. Tulipofika Momela nikamkuta bosi amesimama kando ya gari lake, amevaa tai.

"Mafiga!" akasema kabla sijatua mwiko. "Nimewaandikia wageni barua kwamba tuna majiko ya kisasa, na geti zima linacheka. Wananiuliza kama safari ijayo tutapekecha moto kwa vijiti. Nipe huo mwiko."

Nikamkabidhi. Mkono wangu ulikuwa mzito kuuachia, nasema ukweli. Lakini mdomo wangu haujawahi kujua wakati wa kunyamaza.

"Bosi, sina kinyongo. Ila mwiko uko mkononi mwako sasa. Unga uliobaki upo, jiko lipo, mawe hapa hakuna. Tusongee ugali wa kuagana."

Wapagazi wakaguna kwa kuafiki. Mnyapara akaweka sufuria mwenyewe. "Mangi, tumeshuka na njaa," akasema. "Watu sita."

Bosi angeweza kukataa. Lakini alikuwa mtu wa kamati, na mbele ya mashahidi. Akavua saa, akatupia tai begani. Maji yakachemka, akamwaga unga kwa kukadiria, akakita mara ya kwanza kwa adabu, kama mtu anayekoroga chai ya mchungaji.

"Kaza, mangi, huo bado uji," akasema mnyapara.

Akakaza. Jiko likapiga magoti. Ugali wote ukatua kwenye viatu vyake vya Jumapili.

Hakuna aliyecheka. Nilijibana mpaka machozi yakatoka, na nikasema ni moshi, ingawa petroli ile haikuwa na moshi. Bosi aliangalia viatu. Akaangalia jiko. Akatoa daftari mfukoni, akafungua lile jedwali lake lenye kigezo kimoja, na akaandika chini yake, polepole, cha pili. Nilichungulia: "Kuhimili kusonga."

"Dogo," akasema, "mawe hayo mlipata wapi?"

"Mlimani, bosi."

"Na kambi nyingine yakikosekana?"

"Bosi, mlima ule—"

"Stoo haiendeshwi kwa kubahatisha." Akanirudishia mwiko, una unga bado. "Wewe ni mpishi. Lakini vifaa lazima viwepo."

Jumatatu iliyofuata nilifika Themi mapema, nimevaa shati safi la mpishi. Uani, kwenye kiti namba moja, kulikuwa na kopo la rangi nyeupe, na chini yake mawe matatu mazuri, ya kimo kimoja, yametoka mto Themi. Jiwe namba moja. Jiwe namba mbili. Jiwe namba tatu. Kando yake gunia, lile lile la mkaa, limefuliwa.

"Vifaa vya jikoni anabeba mpishi," akasema bosi. "Ukirudi unakabidhi, nahakiki."

Mama ntilie alikuwa anapakua maharage. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mwanangu, unapandisha mawe mlimani? Siku nyingine upeleke na maji ziwani."

Safari ya kwanza nikayapandisha kweli, kwa utiifu, nyani wananipungia mimi. Safari ya pili nikayaficha kwenye kichaka kabla ya kufika geti la Momela, nikapikia mawe ya Mungu huko juu, nikayachukua wakati wa kushuka. Ikawa ndiyo desturi. Bosi anahakiki, anaweka vema tatu kwenye daftari, mimi nabaki na mwiko wangu.

Mpaka siku moja nashuka, naingia kichakani, nakuta mawili. La kati hakuna. Sijui ni nani alilipenda. Siku hizi kila mtu anachagua. Nikaokota lililofanana, na kwa kuwa mtoto wa Daraja Mbili hasafiri bila maandalizi, nilikuwa na rangi kidogo kwenye kifuniko cha soda. Nikaandika mbili, nikaipuliza ikauke.

Kesho yake bosi akayapanga uani, akainama juu ya lile la kati, akalizungusha. Akavua miwani, akavaa.

"Dogo, mbona namba mbili imebadilika sura?"

"Mlima, bosi," nikasema. "Hata wageni huwa wanashuka wamebadilika."

Akafikiri. Akaweka vema.